Karani wa Mizani

Makambako, mwezi wa saba. Upepo unapita
kwenye zipu ya koti kana kwamba una funguo.
Mimi Yeremia Kaduma, karani wa mizani ya malori,
miaka kumi na moja nasoma tarakimu nyekundu:
shaba ya ng'ambo ya Tunduma, mbao za Mafinga,
mbolea ya kwenda Songea.
Ekseli ikizidi, naandika.
Dereva akinibembeleza, naandika polepole.

Jumatatu Mkurugenzi alinipigia mwenyewe.
"Si wewe unayetungaga mashairi misibani?
Wanakuja wawekezaji, watu wa kisiwani huko,
wanataka kujenga bandari kavu pale stesheni.
Ubeti mmoja tu. Vina na mizani, unaelewa."
Nilielewa. Mizani ndiyo kazi yangu.

     Wageni wetu njooni, njia panda imelala,
     Reli i hapa mjini, nyasi zimeitawala,
     Mahindi yapo ghalani, viazi vyaoza, ala!
     Leteni yenu thamani, na sisi tupate kula.

Akasoma, akakohoa. "Ondoa hiyo *vyaoza*.
Mgeni haonyeshwi chungu kilichoungua."
Nikaondoa. Mstari ukabaki na pengo,
kama lori lililoshusha mzigo porini usiku
likaja kwangu jepesi, linajifanya halijui kitu.

Alhamisi, magari manne meupe.
Bwana Appadoo alivaa kofia ya sufu ya sokoni,
lebo bado inaning'inia sikioni.
Hakutazama mabango. Aliuliza,
"Lori linangoja hapa muda gani?"
"Siku njema, saa tatu. Siku mbaya, linalala."
Akaandika.
"Kwetu," alisema, mkalimani akitafsiri huku meno yanagongana,
"hatuna shaba. Hatuna mahindi. Hatuna hata mto wa maana.
Tuna mahali tu. Watu wanapita,
nasi tunawapunguzia kungoja.
Hicho ndicho tunachouza: saa."

Nikamtazama Edina Mwalongo ng'ambo ya uzio,
ndoo yake ya viazi vya kuchemsha,
pilipili ndani ya chupa ya soda.
Yeye naye anauza saa.
Saa hizohizo.
Foleni ikikatika, ada ya mwanawe inakatika.

Sisemi wasije. Nimechoka kunusa parachichi
zinazoiva barabarani zikisubiri muhuri.
Niliuona mchoro: makontena kama matofali ya rangi,
reli iking'aa, miti iliyopandwa kwa rula.
Nikaitafuta nyumba yangu ya ofisi. Haikuwapo.
Nikajiambia, labda iko upande wa pili wa karatasi.

Kwa utani Bwana Appadoo akapanda juu ya bamba.
Mashine ikasema: 80.
"Uongo! Mimi kilo sabini na tatu."
Nikamweleza: hii huhesabu kwa ishirini ishirini,
kinachobaki katikati hukikadiria.
Wakacheka wote. Mkurugenzi alicheka zaidi ya wote.

Hotuba. Ajira mia sita. Fidia *itaangaliwa*.
Mtoto wa darasa la sita akasoma ubeti wangu;
alipofika penye pengo akameza mate,
akaendelea. Wakampigia makofi.

Jioni magari yalipozama nyuma ya mlima wa vumbi,
Edina akapita uwazi wa uzio, ndoo mkononi.
"Nipime na mie, Yeremia. Nijue kama nimo."
Akaiweka katikati ya bamba, akarudi nyuma hatua mbili,
kama mtu anayepigwa picha.
Kilo tisa hivi, na mfuniko.
Tukangoja tarakimu.

Sifuri.

"Imeharibika?"
"Hapana, mama. Nzima kabisa."

Akafunua ndoo. Mvuke ukanipiga usoni.
Viazi viwili, mia tano. Nikalipa.
Nyuma yetu lori la shaba likapiga honi,
linataka zamu yake.